Vib-Ribbon: gemu inayokuambia utoe CD yake uweke ya kwako

Kuna gemu moja ya PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, ambayo ukiikuta inachezwa bila kuambiwa chochote utadhani TV imeharibika. Skrini nyeusi tii, mstari mmoja mweupe umelala katikati, na juu ya mstari kuna kasungura kamechorwa kama vile mtu alipewa chaki na sekunde kumi. Basi. Hakuna anga, hakuna nyumba, hakuna rangi. Kasungura kanatembea kwa madaha kutoka kushoto kwenda kulia, muziki unapigwa, mstari unaanza kujikunja kunja, na ukikosea kubonyeza kanatetemeka mwili mzima kama kamepigwa shoti ya umeme.

Inaitwa Vib-Ribbon. Ilitoka Japani Desemba 1999, ikafika Ulaya Septemba 2000, Marekani haikuuzwa kabisa enzi zile. Yaani imeingia sokoni wakati kila mtu macho yako kwa PlayStation 2, na hapo hapo watu wanatambiana nani ana gemu yenye sura za watu zinazofanana na watu kweli, alafu hawa jamaa wanakuja na mstari. Waliotengeneza ni studio ya NanaOn-Sha ya Masaya Matsuura, mwanamuziki aliyekuwa kwenye bendi ya PSY·S kabla hajahamia kwenye magemu, na huyu huyu ndo mwenye PaRappa the Rapper ya 1996, ile ya mbwa anayerap, ambayo wengi wanaihesabu kama baba wa magemu ya midundo tunayoyajua leo.

Sasa nimeirudia juzi juzi, na kitu kimoja kinanikera kwenye namna watu wanavyoielezea. Utasikia, "ina grafiksi za ajabu", alafu utasikia, "na pia unaweza kuweka CD yako mwenyewe ikakutengenezea levo". Vinasemwa kama vitu viwili, hiki pembeni ya kile, kama mtu anayekuambia ana viatu vyekundu na pia anapenda ndizi. Ni kitu kimoja jamani. Ile mistari myeupe ndo bei iliyolipwa ili CD iweze kutoka kwenye mashine. Ukilishika hilo, karibu kila kituko cha hii gemu kinajieleza chenyewe.

Ila kwanza tuone unafanya nini ukiwa umeshika pedi, maana bila hapo mengine yataelea tu.

Sungura anaitwa Vibri. Anatembea mwenyewe, humwelekezi popote. Mstari anaoutembelea unaleta vizuizi vya aina nne: boksi, kitanzi, mawimbi na shimo. Boksi unabonyeza L1, kitanzi R1, mawimbi X, shimo unabonyeza mshale wa chini. Bonyeza kwa wakati wake Vibri anapita salama, kosea anaumia. Vitufe vinne tu, mtu yeyote anavishika ndani ya dakika mbili.

Alafu mchezo unakugeuka. Vizuizi vinaanza kuungana viwili viwili kuwa umbo moja: boksi lililochimbwa shimo, kitanzi chenye mawimbi, na kadhalika, na hapo unatakiwa kubonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja. Piga hesabu, vinne vya msingi, ukiviunganisha viwili viwili unapata sita, jumla maumbo kumi. Kumi sio nyingi kwenye karatasi. Kumi kwa kasi, huku mstari wenyewe unazunguka na kuyumba, ni nyingi sana, mi mpaka leo kitanzi chenye shimo kinanimaliza, jicho linaona kitanzi, kidole kinakwenda R1, shimo nalikumbuka nikiwa nimeshachelewa.

Angalia hapo kitu. Kwenye PaRappa alama za vitufe zinapita juu ya skrini, unazisoma, unabonyeza. Hapa hakuna alama yoyote. Hakuna anayekuambia "sasa L1". Umbo la njia ndo maandishi yenyewe, na wewe ndo unatakiwa uwe umeshajua kusoma. Na hata afya ya mchezaji haina kile kibomba cha damu pembeni. Ukiumia, mistari ya mwili wa Vibri inachafuka, inaparazika, ukiendelea kukosea anashuka daraja anakuwa chura, ukikosea tena chura anakuwa kitu kama mnyoo, na mnyoo akizidiwa mchezo umeisha. Ukipita vizuri mfululizo anapanda tena, mnyoo, chura, sungura, na ukiwa sungura ukazidi kupatia anageuka Vibri mkubwa mwenye mabawa. Mwili wake ndo kipimo. Hakuna cha ziada kwenye skrini kwa sababu hakihitajiki, na pia, tunakuja hapo, kwa sababu hakuna nafasi ya kukiweka.

Wimbo ukiisha Vibri anakuimbia kawimbo ka kukupongeza kulingana na alama zako, kwa ile sauti yake ya kukwaruza ambayo ama utaipenda ama utatafuta rimoti upunguze sauti. Mi niko kundi la kwanza. Nyimbo zilizokuja na gemu ni sita tu, zimefanywa na kundi la Laugh and Peace, zimepangwa mbili mbili kwenye ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu. Nyimbo sita mtu mwenye bidii anazimaliza jioni moja. Ndo maana wengi walioinunua na kuishia kwenye zile sita walijiona wameibiwa. Gemu yenyewe inaanzia pale unapofungua mfuniko.

Haya, mfuniko.

PlayStation ya kwanza ina mfuniko juu, unabonyeza kitufe unaruka, CD iko pale inaonekana inazunguka, na ndani kuna kiswichi kidogo kinachoiambia mashine kwamba mfuniko uko wazi. Kwa magemu mengi, kufungua mfuniko katikati ya mchezo ni kutafuta balaa. Sababu ni kwamba gemu haiko "ndani ya mashine" kama wengi tunavyofikiria. Gemu iko kwenye CD, na mashine ina memori ndogo tu ya kufanyia kazi, kama meza ndogo ya fundi mbele ya stoo kubwa. Stoo ni CD, inachukua karibu megabaiti 650. Meza ni memori kuu ya megabaiti 2. Ukiongeza memori ya picha ni megabaiti 1 nyingine, na ya sauti kilobaiti 512. Ndo vyote ulivyo navyo. Kwa hiyo magemu mengi yanaishi kwa kwenda stoo na kurudi, umeingia mlango huu inasoma chumba kinachofuata, umekutana na adui mpya inasoma umbo lake, inatupa vya zamani inaweka vipya. Final Fantasy VII ilijaza CD tatu kwa mtindo huo. Ukitoa CD hapo, fundi anageuka nyuma anakuta stoo imehama.

Vib-Ribbon inafanya kinyume chake. Inapoanza inabeba kila kitu chake, programu, menyu, Vibri na mikao yake yote, sauti yake, vizuizi, inavipanga vyote mezani, alafu stoo haina kazi nayo tena. Ndo inakuambia toa hii weka CD yoyote ya muziki uliyonayo. Mashine inabaki hai kwa sababu hakuna kitu inachokidai kwenye CD ile ya kwanza, mpaka pale utakapotaka tena zile nyimbo zake sita.

Kwanini ilibidi iwe hivo, kwanini isinakili tu wimbo wako mmoja kwenye memori ikuombe urudishe CD ya gemu? Piga hesabu uone. Muziki wa CD umehifadhiwa kama namba, namba 44,100 kwa kila sekunde, kila namba baiti 2, na upande wa kushoto una zake na wa kulia una zake. 44,100 mara 2 mara 2, unapata baiti 176,400 kwa sekunde moja. Wimbo wa dakika tatu unakaribia megabaiti 32. Memori kuu yote ya PlayStation ingejaa kwa muziki wa sekunde 12 hivi, na hapo hujaweka hata unywele mmoja wa Vibri. Kwa hiyo wimbo lazima utiririke kutoka kwenye CD moja kwa moja wakati unacheza, hakuna njia nyingine, na kama CD ya muziki lazima iwe ndani muda wote basi CD ya gemu lazima iwe nje muda wote. Tundu ni moja. Na bahati nzuri PlayStation ilitengenezwa tangu mwanzo iweze kupiga CD za muziki, sauti ya CD ina njia yake ya kwenda kwenye chipu ya sauti bila kuisumbua prosesa, ile chipu kuu inayopiga hesabu zote, kwa hiyo hilo la kutiririsha lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kubana gemu nzima mpaka itoshe mezani na ibaki nafasi.

Hapo ndo mistari inapoingia. Chukua picha moja ya kuvalisha ukuta au jengo kwenye gemu, tuseme ina pikseli, yaani vidoti vya rangi, 256 kwa 256, kila pikseli baiti 2, hiyo ni kilobaiti 128. Picha moja. Sasa chukua mstari. Mstari unahitaji kujua unaanzia wapi na unaishia wapi, nukta mbili, kila nukta ina namba mbili, kila namba tuseme baiti 2, jumla baiti 8. Yaani nafasi ya ile picha moja ya ukuta unaweza kuhifadhi mistari 16,384. Tuseme mkao mmoja wa Vibri una mistari 50, hizo ni baiti 400, na mikao 100 ya kutembea, kuruka, kuanguka na kucheza ni kilobaiti 40. Hii ni hesabu yangu ya mfano tu, usiishike neno kwa neno, lakini unaona uwiano. Chipu ya picha ya PlayStation tayari ina amri ya kuchora mstari, unaipa nukta inachora. Hata maandishi ya menyu nayo ni mistari.

Na kuna faida ambayo watu wanaipita. Picha ukitaka kuitetemesha au kuibomoa inabidi msanii achore picha nyingine iliyobomoka. Mstari ukitaka kuutetemesha unaongeza kanamba kadogo ka ovyo ovyo kwenye kila nukta, basi, unatetemeka. Kwa hiyo ule mwili wa Vibri unaochafuka akiumia haudai picha mpya wala memori zaidi, wakati huo huo ndo unaofanya kazi ya kibomba cha damu. Ubahili na urembo vimekaa kiti kimoja. Simaanishi kwamba walichora mistari kwa sababu ya umaskini tu, kuna ladha pale, mtu mwenye macho amekaa akachagua. Lakini ladha ile ilikuwa inatatua tatizo.

Kuna atakayesema mbona sio wa kwanza. Kweli kabisa. Ridge Racer ya PlayStation, ya 1994, nayo ilikuwa inajipakia yote kwenye memori, unaweza kutoa CD yake ukaweka ya muziki wako ukaendesha gari huku unasikiliza unachotaka. Na Monster Rancher ya 1997 ilikuwa inakuambia uweke CD yoyote ikuzalie dude kutokana nayo. Lakini angalia tofauti. Kwa Ridge Racer muziki wako ni redio ya gari, barabara haijui unasikiliza nini, kona ziko pale pale. Kwa Monster Rancher CD yako ni kama namba ya tiketi, inaichungulia inakutolea dude, haijali wimbo ni mzuri au mbaya. Vib-Ribbon ndo inayosikiliza. Kona zenyewe zinatoka kwenye wimbo.

Inasikiliza vipi? Hapa ndo penye fundo, na ndo pale ambapo watu wengi wanaiwazia makubwa alafu wanaiona haifanyi kazi.

Mashine haijui kiitikio ni nini. Haijui kama mwimbaji analia au anacheka. Inachoona ni ule mfululizo wa namba 44,100 kwa sekunde zinazopanda na kushuka. Njia ya kawaida ya programu za aina hii ni kukata sauti vipande vidogo vidogo, tuseme vipande vya sehemu ya hamsini ya sekunde, alafu kila kipande unapima nguvu yake, kina sauti kubwa kiasi gani, alafu unalinganisha na vipande vilivyotangulia. Kama nguvu ilikuwa chini alafu ghafla imeruka juu, hapo kuna kitu kimepigwa, ni dramu, ni gitaa limekwaruzwa, ni mtu kapiga makofi, vyovyote, weka alama hapo. Ukikusanya alama za wimbo mzima unapata kama uti wa mgongo wa midundo. Zikiwa karibu karibu, vizuizi vinabanana. Zikiwa mbali mbali, Vibri anatembea kama yuko likizo.

Na ukumbuke, kizuizi kinaonekana kinakuja kabla ya dundo. Lazima ukione mapema ndo ukipite kwa wakati. Maana yake kabla masikio yako hayajasikia dundo, gemu lazima iwe imeshaliona, haiwezi kusikiliza sambamba na wewe ikakutungia njia hapo hapo, ingekuwa inakuletea boksi wakati dramu imeshapita. Inachohitaji kubeba mfukoni sio wimbo, ni orodha ya wapi kuna nini, na orodha ya namna hiyo ni nyepesi sana, baiti chache kwa kila kizuizi. Wimbo wenyewe megabaiti 32, muhtasari wake wa vizuizi unatosha kwenye kona ya meza. Haya yote kwenye prosesa ya megahezi 33 na ushee, simu yako ya mkononi ingeicheka.

Sasa binadamu hasikii hivyo. Sisi tunasikia dundo hata pale ambapo halijapigwa. Bendi ikinyamaza ghafla katikati ya wimbo mguu wako unaendelea kugonga, unajua kabisa dundo linalofuata liko wapi ingawa kuna ukimya. Mashine inayopima nguvu pale inaona ukimya, basi, hakuna kitu. Na kinyume chake, kuna sauti ambazo zina nguvu lakini hazina maana yoyote kwenye mdundo, kama mtu anapumua kwa nguvu kwenye maiki, au watu wanashangilia kwenye CD iliyorekodiwa jukwaani.

Ndo maana matokeo yanatofautiana vibaya mno kati ya CD na CD. Weka wimbo wa dramu za wazi na besi inayogonga, kila kitu kimetengana, utahisi gemu inakuelewa, vizuizi vinakaa pale pale mguu unapogonga. Weka vinanda vya polepole, vile vya sauti inayoingia taratibu kama ukungu, hakuna mruko wa ghafla popote, na gemu inabidi ikamate chochote inachopata, kwa hiyo unaletewa boksi mahali ambapo wewe husikii sababu ya kuwepo boksi. Weka muziki wa metali wa kasi, gitaa mbili zimejaa, dramu mbili za mguu zinapiga kama mashine ya kushonea, utapelekwa mpaka mnyoo kabla hujakaa vizuri. Na kuna lile la CD za kuanzia miaka ya 1990 na kuendelea ambapo mafundi wa studio walikuwa wanashindana kupandisha sauti, kila kitu kinasukumwa mpaka juu kabisa, cha chini kinapandishwa cha juu kinakatwa kichwa. Sikio linasikia wimbo una nguvu. Kipimo cha nguvu kinaona uwanda tambarare usio na vilima. Wimbo ule ule wa zamani, toleo la kwanza na toleo lililopandishwa sauti baadaye, unaweza kukupa uzoefu tofauti.

Wengine wanaona hii ni kasoro, gemu "haiendani na biti". Kwa zile nyimbo sita zake inaendana barabara, kwa za kwako inabahatisha, sibishi. Ila mi naona burudani ipo kwenye kule kutokuelewana. Una wimbo umeusikiliza mara mia tano, unadhani unaujua, alafu kasungura kanakuonyesha kwamba sekunde ya arobaini kuna kitu kinagonga nyuma kule ambacho hujawahi kukisikia. Unarudi kuusikiliza bila gemu, kweli, kipo, kuna mtu anapiga kitu kama kengele. Gemu ina masikio ya mgeni, haina mazoea na wimbo wako, kwa hiyo inasikia vitu ambavyo mazoea yamekuzibia.

Historia yake pia ni ya kupindapinda. Wazo lilianza kama kazi ya matangazo, ya gari dogo la Mercedes-Benz A-Class, dili halikufika mwisho, studio ikaendelea na wazo lake. 2012 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilipotangaza magemu 14 ya kwanza kuingia kwenye mkusanyiko wake, Vib-Ribbon ilikuwemo, imekaa na Pac-Man na Tetris, ingawa wakati huo gemu yenyewe ilikuwa haijawahi kuuzwa Marekani. Alafu 2014 kwenye E3, yale maonyesho makubwa ya magemu, Shawn Layden, bosi mpya wa PlayStation wa Marekani, akaitaja jukwaani kwa kumbukumbu tu. Watu wakashangilia wakidhani inarudi. Haikuwa imepangwa kurudi. Jamaa ikabidi aombe radhi, na Oktoba mwaka huo huo ikawekwa kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, Wamarekani wakainunua rasmi kwa mara ya kwanza, miaka karibu 15 baada ya Japani.

Matsuura naye hakuishia kwenye Vib-Ribbon. PlayStation 2 ilipata Mojib-Ribbon 2003, ambapo maandishi yanaandikwa kwa brashi na wino huku yanarapiwa, na 2004 ikaja Vib-Ripple, Vibri anarukaruka juu ya picha, na picha unaweza kumpa za kwako. Swali ni lile lile la mchezaji kuleta malighafi. Zote mbili hazikutoka nje ya Japani.

Kama unataka kuicheza leo kuna mambo mawili matatu yatakusumbua na hayahusiani na kipaji chako. La kwanza ni TV. TV bapa za sasa zinaichakata picha kabla ya kukuonyesha, nyingine zinachelewa milisekunde 50 mpaka 100, na kama gemu inachora picha 60 kwa sekunde basi unaona kitu kilichotokea picha tatu mpaka sita zilizopita. Kwa gemu ya polepole hutaona tofauti kubwa. Kwa hii utajiona una vidole vya mbao. Tafuta ile hali ya gemu (Game Mode) kwenye menyu ya TV uiwashe, au tafuta TV ya kioo kizito ya zamani, hizo zinaonyesha papo hapo.

La pili, CD. Nani ana CD sa hivi? Ukichoma ya kwako hakikisha programu unaiambia itengeneze CD ya muziki, sio CD ya data yenye mafaili ya MP3, maana mashine hii inajua namba ghafi za muziki tu, MP3 kwake ni kelele za kompyuta nyingine. Kwenye emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye PlayStation, ni hivyo hivyo, unahitaji faili la nakala ya CD ya muziki, alafu unatumia ile amri ya kubadilisha diski, kwa sababu hata emuleta inabidi iigize mtu kufungua mfuniko, kutoa, kuweka, kufunga. Nimecheka siku ya kwanza nilipofanya hivyo, kompyuta ambayo haina hata tundu la CD inajifanya ina mfuniko.

La tatu, usianze na wimbo unaoupenda kuliko zote. Anza na zile sita mpaka vidole vizoee maumbo kumi, alafu weka kitu chepesi, dramu, besi, sauti moja, kisiwe cha haraka. Mi sikusikia la mtu, nilianza na wimbo wangu wa roho, wenye gitaa tatu na wapiga dramu wawili, na kabla ya kiitikio cha kwanza nilikuwa nimeshakuwa mnyoo.